Mashine ya Tano

Nchi inayosimuliwa hapa haipo kwenye ramani, na kama kuna msomaji atakayezitambua barabara zake, sura ya waziri wake au harufu ya ofisi zake, basi kosa ni la pua na macho yake mwenyewe. Ni nchi njema. Ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, ina mito miwili, na haina mtu hata mmoja asiye na kazi, kwa sababu kusema huna kazi kulipigwa marufuku.

Mashauri alikuwa Mvunjaji Mwandamizi katika Wizara ya Ajira ya nchi hiyo. Alivaa kofia ya kijani yenye picha ya mbuzi, na alikuwa na nyundo ya kilo tano iliyochongwa namba 41 kwenye mpini. Kabla ya hapo alikaa kijiweni miaka sita akichora chini kwa kijiti, kwa hiyo siku alipokabidhiwa nyundo alilia machozi, na mkewe Semeni, fundi cherehani, akamshonea mfuko wa ngozi wa kuibebea. Tusimwonee. Mtu aliyekaa kijiweni miaka sita akipewa nyundo haulizi ni ya nini.

Mbuzi wa kwenye kofia alikuwa mbuzi wa kweli. Siku moja aliona sura yake kwenye kioo cha duka la viatu, akadhani ni mbuzi mwingine mwenye dharau, akakipiga pembe. Profesa Bulemo, wakati huo mwalimu wa uchumi asiyesikilizwa na mtu, alikuwa anapita. Akamwona fundi vioo akiitwa mbio. Akamwona fundi huyo, mfuko umetuna, akiingia kwa mwoka mikate. Mwoka mikate akaenda kununua kuni. Mwuza kuni akaenda kunyoa ndevu. Profesa aliwafuata mtaa mzima akiandika kwenye kiganja. Jioni alikuwa Ikulu, na kesho yake alikuwa Waziri wa Ajira. Mwenye duka la viatu alibaki mlangoni ameshika ufagio, lakini Profesa alikuwa amempa mgongo, kwa hiyo hakumwona. Mbuzi alipewa nishani ya daraja la kwanza, na alipofariki ghafla mkesha wa karamu ya Baraza la Mawaziri, alizikwa kitaifa kwa ndimu na pilipili.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu, maana serikali si mbuzi. Kikosi kilifika saa tatu asubuhi: mvunjaji, mfagiaji, askari mmoja wa kutuliza furaha ya wananchi, na Mkuu wa Kikosi, Bwana Tungaraza, akiwa na fomu. Mwenye nyumba alipaswa kuwa ameshapika chai ya shukrani. Sheria ilisema wazi kwamba mvunjaji haruhusiwi kuinua nyundo kabla hajamaliza kikombe chake, kwa kuwa kuvunja mali ya mtu ambaye hajakushukuru ni uhuni. Chai ikiisha, nyundo inapanda. Kisha Bwana Tungaraza husoma fomu kwa sauti. Fomu ilikuwa na safu moja tu, iliyoandikwa "Ajira Zilizozaliwa", na humo alihesabiwa mvunjaji, mfagiaji, askari, fundi wa kutengeneza, na yeye Tungaraza mwenyewe aliyezihesabu. Mwenye nyumba hupiga makofi matatu. Jioni redio hutangaza jumla, na Mashauri alikuwa akiongeza sauti ili majirani wasikie mchango wake kwa taifa.

Ilikwenda hivyo, vizuri tu, mpaka kwa kinyozi Mzee Kipingu.

Mzee Kipingu alikuwa amevunjiwa kioo mara tatu mwaka ule. Mara ya nne alipika chai, akamimina, Mashauri akanywa. Nyundo ikapanda, kioo kikamwagika sakafuni chote. Mkuu wa Kikosi akasoma: ajira tano. Mzee akabaki na mikono yake mifukoni.

"Mzee wangu, makofi," Tungaraza alimkumbusha.

"Baba, mimi nilikuwa nakusanya nimlete fundi anichimbie choo hapa nyuma. Sasa nakwenda kununua kioo tena. Kioo nilikuwa nacho. Choo sina. Nipige makofi ya kitu gani?"

"Ya ajira tano."

"Na mchimba choo?"

Tungaraza aliangalia fomu yake pande zote mbili, mbele na nyuma. Hakukuwa na mahali pa mchimba choo. Akampa askari ishara, na askari akamtuliza Mzee Kipingu kwa kitako cha bunduki mdomoni. Meno manne yalidondoka katikati ya vipande vya kioo, na mfagiaji, mtu mwangalifu, alijikata kidole akiyatenganisha. Mzee alikaa chini, damu ikimchuruzika kwenye ndevu zake safi za kinyozi.

Hapo ndipo Tungaraza, kalamu ikiwa bado mkononi, aliposita. Alihesabu kwa vidole. Daktari wa meno, moja. Mchonga meno ya bandia, mbili. Mpika uji laini, tatu. Mfunga kidole cha mfagiaji, nne. Akaitazama ile damu kwa heshima mpya kabisa. Taarifa yake ilifika kwa Waziri kabla ya saa sita mchana.

Siku hiyo Mashauri alirudi nyumbani na tone la damu kwenye kofia, juu ya jicho la mbuzi. Semeni aliliona akaendelea kushona. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: vyerehani vinne, yeye mwenyewe na wanawake watatu aliowaajiri, kazi ya sare za shule na magauni ya harusi. Pale mlangoni, kwenye ndoo iliyopinduliwa, aliketi Mama Sikudhani. Huyu alikuwa mjane wa watoto wanne, mwenye mkono mwepesi wa kushona kuliko wote, na alikuwa akingoja mashine ya tano. Semeni alikuwa amemwahidi. Kila Semeni alipokaribia kuinunua, ama dirisha lilivunjwa na kikosi cha mtaa mwingine, ama kodi ya nyundo, ile ya kuwalipa wavunjaji, ilipandishwa, na Mama Sikudhani akaendelea kukaa kwenye ndoo akitia vifungo kwa ujira wa sahani ya ugali.

"Mume wangu," Semeni alisema, "leo wamezaliwa wangapi?"

"Tisa. Pamoja na meno."

"Na huyu?" Alimwonyesha Mama Sikudhani kwa kidevu. "Kwenye fomu yenu huyu mnamwandika wapi?"

"Huyu hajavunjwa, wala hajavunja. Anaandikwaje?"

"Angekuwa kwenye mashine ya tano tangu mwaka juzi. Nimeinunua mara tatu hiyo mashine, Mashauri. Mara ya kwanza ikawa dirisha. Mara ya pili ikawa dirisha. Mara ya tatu ikawa kodi ya nyundo, nyundo hiyo hiyo uliyoitundika ukutani. Mnahesabu fundi vioo kwa sababu mnamwona anakuja na ngazi. Huyu hamumwoni kwa sababu kazi yake haikuja."

Mashauri alisema chakula kinapoa. Moyoni alijua analofanya: tangu aajiriwe alikuwa akiliteremsha jina la mkewe hadi mwisho wa orodha ya mtaa, kila wiki, kwa raba na penseli, na huo ndio ulikuwa uasi wake wote. Alimpenda Semeni kupita kiasi. Alikuwa hajui tu kwamba alikuwa akikubaliana naye.

Mwaka ule ule vioo viliisha. Watu waliacha kuvirudisha, wakaziba madirisha kwa makuti na magunia, na ukivunja gunia hakuna anayepata kazi. Wizara ikahamia kwenye kuta. Kuta nazo zikaisha, watu wakaanza kulala chini ya meza. Na Rais alikuwa ameahidi ajira laki moja kabla ya Sikukuu ya Mbuzi, zikiwa zimebaki wiki tatu.

Profesa Bulemo aliwaita wavunjaji wote uwanjani. Alisimama kwenye jukwaa ambalo lilivunjwa na kujengwa mara mbili wakati wa hotuba yake, ili kutoa mfano.

"Ndugu zangu wa nyundo," alisema, "maadui wa taifa wanasema rasilimali zimekwisha. Ni uongo wa mchana. Kila mwananchi, awe tajiri au fukara, amejaliwa mifupa mia mbili na sita. Mguu mmoja, ndugu zangu, ukivunjika kitaalamu, unazaa ajira saba: wabebaji wawili, mtaalamu wa mifupa, mchonga magongo, muuguzi, mtu wa kumfukuzia nzi, na mtu wa kushika kazi ya mgonjwa. Hebu fikirini. Taifa zima linatembea juu ya ajira na halijui."

Watu walishangilia mpaka wakakauka makoo. Mashauri naye alishangilia.

Walianza na wachezaji wa mpira, kwa sababu miguu yao ilijulikana. Mashauri alijifunza kwamba mfupa wa ugoko hautoi sauti kama ya kioo. Unatoa sauti ndogo, kavu, na sauti kubwa inafuata baadaye kutoka kwa mwenyewe. Alivunja golikipa, walinzi wawili, kisha mwalimu aliyemfundisha kusoma. Huyo mwalimu alimpa chai yenye iliki na kumwomba apige mara moja tu, asirudie. Mashauri alikosea, ikabidi arudie. Usiku hakuwa akila, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kazini, maana kijiwe kilikuwa bado kipo na kijiti chake kilikuwa bado kimelala pale.

Hospitali ya mji ilijaa hadi uani. Mtaalamu wa mifupa, mtu mmoja mpole aliyekuwa hajalala siku tisa, alimwandikia Waziri kuomba wapumzike walau Ijumaa. Barua hiyo ilitafsiriwa kuwa hujuma, na kikosi kilimtembelea kikamvunja mikono yote miwili. Tungaraza aliandika ajira kumi na nne, na mojawapo ilikuwa ya mtaalamu wa mifupa. Kuanzia siku hiyo mifupa iliungwa na fundi wa baiskeli, tena kwa moyo wote, na watu wengi walipona wakiwa wanaelekea upande mwingine.

Kisha orodha ya mtaa ikafika mwisho, kama orodha zote. Jumanne asubuhi, Tungaraza alimwekea Mashauri karatasi mezani. Lilikuwapo jina moja. Semeni, fundi cherehani, mikono miwili. Kazi ya kesho saa tatu. Mvunjaji: namba 41.

Mashauri alikwenda wizarani kwa miguu. Alikaa kwenye benchi saa nne akisikiliza ofisi zikivunjwa na kujengwa, hadi alipoitwa. Profesa Bulemo alikuwa anakula korosho.

"Mheshimiwa Profesa, nimekuja kuhusu mke wangu."

"Hongera. Kumi na nne kwa mpigo. Wachache wamejaliwa mke wa namna hiyo."

"Mheshimiwa, ana wanawake watatu aliowaajiri. Mikono yake ikivunjika, na wao wanakwenda nyumbani. Na kuna wa nne anayengoja mashine ya tano. Huyo wa nne, mheshimiwa, hatumwandiki popote. Hatuna safu yake."

Profesa aliacha kutafuna. Alimtazama Mashauri kwa muda, na kwa muda huo ilionekana kama vile mwenye duka la viatu na ufagio wake amepita mbele ya macho yake.

"Umewahi kumwona huyo wa nne akifanya kazi kwenye hiyo mashine ya tano?"

"Hapana, mheshimiwa. Mashine haipo."

"Basi umejijibu. Serikali haiwezi kumtangaza redioni mtu ambaye kazi yake haipo." Akachukua korosho nyingine. "Ila mimi si katili. Kuna Kanuni ya Mbadala. Mtumishi anaweza kutoa viungo vyake badala ya vya ndugu yake, mradi hesabu isipungue. Na yako haipungui, inazidi. Mikono yako ni ajira kumi na nne, na ya kumi na tano ni ya mvunjaji mpya atakayerithi nyundo."

"Na jina la Semeni litafutwa?"

"Litafutwa katika orodha hii sasa hivi, mbele yako." Na kweli, Profesa alichukua kalamu akalifuta.

Mashauri alitoa nyundo mwenyewe kwenye ule mfuko wa ngozi. Aliweka mikono juu ya meza ya Waziri, viganja chini, kati ya bakuli la korosho na bendera ndogo ya taifa. Katibu muhtasi alileta chai, kwa kuwa sheria ni sheria, na askari wa mlangoni akainywa yote akiwa amesimama. Kisha akapiga, mara mbili kila mkono, kwa sababu hakuwa na ujuzi. Vidole vya mkono wa kulia vilitawanyika kama mahindi yaliyopukuchuliwa. Mashauri aliuma mkanda wake hadi ngozi ikakatika, na katikati ya maumivu yale alikuwa na furaha ya ajabu, furaha ambayo hakuwahi kuipata siku zote alizoongeza sauti ya redio. Alikuwa amemwokoa mke wake. Alipitiwa na giza akiwa anacheka.

Semeni alimpokea mlangoni, amebebwa kwenye ubao. Fundi wa baiskeli alikuja na vipande vya mti na spoki. Semeni hakumgombeza mumewe. Alimlaza chumba cha mbele, kati ya vyerehani, akamfuta uso, akakaa naye hadi asubuhi bila kuachia bega lake.

"Jina lako limefutwa," Mashauri alimwambia. "Nimeliona kwa macho yangu."

"Nimesikia, mume wangu. Lala."

"Sasa tutanunua ile mashine. Mama Sikudhani yuko wapi? Mwite nimwambie mwenyewe."

"Hakuja jana. Ndoo yake ipo tupu." Semeni aliitazama ile ndoo. "Labda mtoto anaumwa."

Saa tatu asubuhi walisikia hatua za kikosi uani. Mashauri alidhani wanaleta cheti chake cha shukrani, akajaribu kukaa vizuri. Tungaraza aliingia na fomu, na karatasi mpya juu yake, maana jana ilikuwa orodha ya jana na leo kulikuwa na orodha ya leo. Nyuma yake alikuja askari, na mfagiaji, na mvunjaji mpya mwenye kofia ya kijani iliyomzidi kichwa. Nyundo namba 41 alikuwa ameishika kwa mikono miwili, vibaya, karibu mno na chuma. Alikuwa Mama Sikudhani.

Tungaraza alijifanya anasoma fomu.

"Da' Semeni," alisema Mama Sikudhani mwishowe, macho yakiwa chini. "Jana mchana walitangaza nafasi imepatikana. Moja tu. Nilipanga foleni na watu mia tatu." Aliisukuma kofia nyuma. "Nilikuwa nangoja mashine. Miaka miwili nimeingoja. Watoto hawangoji."

"Najua," Semeni alisema. "Karibu ukae. Chai haijaiva."

Akapika chai, taratibu, na tangawizi. Akammiminia kikombe kikubwa kuliko vyote vya nyumba ile. Mama Sikudhani alikaa kwenye ndoo yake ya siku zote, nyundo kwenye mapaja, akanywa kidogo kidogo, na kila kilipopungua Semeni akajaza. Mashauri aliangalia birika. Hakuwahi kulitazama birika kwa roho namna ile. Alitaka lisiishe, alitaka liwe kisima. Alijaribu kunyanyuka, mikono ikamkumbusha kuwa haipo. Askari alimrudisha chini kwa buti, akamkanyaga kifuani ili atulie.

Birika likaisha. Tungaraza akapiga chafya akasema muda wa serikali unakwenda.

Mama Sikudhani alimaliza tone la mwisho, akaweka kikombe chini kwa adabu. Semeni alisogeza kitambaa cha gauni la mtu ili kisichafuke, akatandaza mikono yake juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa mikono myembamba yenye alama za sindano. Mama Sikudhani alipiga akilia, na kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi, alipiga mara moja kila upande, barabara, hakurudia. Mashauri alipiga kelele kwa niaba ya watu wote waliokuwa mle ndani. Wale wanawake watatu walikusanya mikasi yao wakatoka mmoja mmoja.

Tungaraza alisoma ajira kumi na nne. Makofi hayakupigwa, maana hakukuwa na mikono ya kuyapiga, na hilo aliliandika pembeni kama dosari ndogo.

Mchana redio ilitangaza kwamba lengo la laki moja limefikiwa na kupitwa, na ikamtaja Mama Sikudhani kwa jina, mjane wa watoto wanne, kuwa mfano wa wanawake wanaojituma. Sauti ilikuwa juu. Hakukuwa na mtu wa kuipunguza.

Alipotoka kazini alasiri, Mama Sikudhani alirudi, kofia kaificha ndani ya kanga. Alipika uji, akaketi kati yao, akawalisha kwa kijiko kimoja, Semeni kidogo, Mashauri kidogo, akiwafuta midomo kwa ncha ya kanga. Tungaraza aliyekuwa akipita barabarani alichungulia, akatoa kalamu, akaongeza "mlishaji, moja", akaenda zake.

"Ile ya tano," Semeni alisema baada ya kumeza, "ningeiweka pale, karibu na dirisha. Pana mwanga mzuri."

Mama Sikudhani aligeuka akapatazama. Kioo hakikuwepo, gunia lilikuwa limedondoka, na jua la alasiri lilikuwa limejaa pale pote, juu ya sakafu tupu.

"Ndiyo," alisema. "Pana mwanga." Akachota kijiko kingine.